Si kila chembamba na kirefu ni uzi

MWANAFUNZI mmoja wa uzamili aliwasilisha mbele yetu, hapa Kakamega, sehemu ya tafsiri yake ya kitabu cha sayansi cha shule ya upili. Tulikuwa watu wanane chumbani: saba wa lugha na mmoja wa biolojia, rafiki yangu wa miaka mingi niliyemwomba aje "kutusikiliza tu". Kijana alisoma kwa sauti iliyotulia. Kiswahili chake kilikuwa safi, upatanisho wa kisarufi haukumtatiza popote, na sisi watu wa lugha tulikuwa tukitikisa vichwa kwa kuridhika. Akafika kwenye sentensi hii: "Msuli unapojikaza, nyuzi zake hufupika."

Rafiki yangu akainua mkono. "Nyuzi zipi?" akauliza.

Kijana alirudia sentensi, safari hii polepole. "Nyuzi za msuli, Prof."

"Hapo nimeelewa. Lakini zipi? Maana ukisema hizi, umesema kweli. Ukisema zile, umesema uongo."

Chumba kilinyamaza. Sisi saba tuliosifu Kiswahili cha kijana hatukuwa na la kusema, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kuna "hizi" na "zile". Nilipofungua matini chasili nikaona tatizo lilikotoka. Mle mlikuwa na maneno mawili tofauti. Moja lilitaja seli ndefu ya msuli, jingine lilitaja filamenti, na mtafsiri alikuwa ameyaita yote mawili uzi. Nikaendelea kupekua. Katika sura ya maua, kile kijiti chembamba kinachoinua kifuko cha chavua kilikuwa uzi. Katika sura ya umeme, kile kinachowaka ndani ya balbu kilikuwa uzi. Katika sura ya afya, anachoshonea daktari kilikuwa uzi. Hiki cha mwisho peke yake ndicho nisichokuwa na ugomvi nacho.

Leo, mpenzi msomaji, ningependa tuhakiki mazoea haya. Sitaki kumsuta kijana, ambaye kosa lake tulilipigia makofi sote. Nataka tuone kinachotokea tunapochukua neno moja la kisayansi lenye maana nyingi tukalitafutia neno moja la Kiswahili, kisha tukadhani kazi imekwisha.

Tuanze na msuli, kwa kuwa ndiko tulikoumbuliwa. Waliowahi kuhudhuria mchezo wa fahali kule Shinyalu au Ikolomani wanajua namna shingo ya fahali inavyotuna anapomkabili mwenzake. Ukiichinja na kuikata nyama ile ya shingo, utaona inachanika kwa urefu, nyuzinyuzi kando ya nyuzinyuzi. Hicho unachokiona kwa jicho ni vifurushi. Ndani ya kila kifurushi mna seli ndefu, kila moja ikiwa na unene wa mikromita 10 hadi 100 hivi. Seli hiyo ndiyo baadhi ya wataalamu wetu huiita ufumwele wa msuli. Ndani ya seli hiyo moja mna vijiti vingi vilivyolala sambamba, na ndani ya vijiti hivyo ndimo zilimo filamenti. Ziko za aina mbili: nyembamba za aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi, na nene za myosini, zenye unene wa nanomita 15 hivi.

Hebu tupige hesabu kidogo. Ufumwele wenye unene wa mikromita 50 ni mnene zaidi ya mara 7,000 kuliko filamenti ya aktini. Kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja ni sawa na kuita nguzo ya stima na sindano kwa jina moja, ati kwa sababu zote ni ndefu na zimesimama.

Ila unene si hoja kubwa. Hoja kubwa ni ile aliyoidokeza rafiki yangu. Mnamo mwaka wa 1954, toleo moja la jarida la Nature lilichapisha makala mbili za makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali. Moja liliandikwa na Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, jingine na Hugh Huxley na Jean Hanson. Akina Huxley hao wawili hawakuwa ndugu. Makundi yote mawili yalifikia jambo lile lile: msuli unapofupika, filamenti zake hazifupiki. Huteleza na kupishana, kama vidole vya mkono wa kulia vinavyoingia katikati ya vidole vya mkono wa kushoto. Vidole havijapungua urefu, lakini viganja vimekaribiana.

Sasa irudie sentensi ya mwanafunzi wetu. "Msuli unapojikaza, nyuzi zake hufupika." Kama nyuzi ni fumwele, yaani seli, sentensi ni sahihi kwa kiasi kikubwa. Kama nyuzi ni filamenti, sentensi inapinga ugunduzi ambao ndio msingi wa somo lenyewe. Sarufi yake haina dosari hata chembe. Ni sentensi ambayo mtahini wa Kiswahili angeipa alama zote na mtahini wa biolojia angeipa sufuri, na wote wawili wangekuwa na haki.

Kijana alijitetea vizuri, nami napenda mwanafunzi anayejitetea. Alisema: "Prof, hata wenye neno walilitoa kwenye uzi. Kilatini 'filum' ni uzi. Kama wao walitumia uzi, kwa nini sisi tukatazwe?"

Hoja hiyo ina nguvu, na si ya kupuuzwa. Ni kweli asili ya neno ni uzi. Ila tazama walichokifanya Waingereza. Walikuwa na neno lao la kila siku la uzi wa cherehani, na hawakulitumia hapa. Waliliacha likae na mafundi wa nguo, wakaenda kuazima la Kilatini ambalo hakuna mtu wa sokoni aliyekuwa akilitumia. Kwao basi kuna neno la nguo na kuna neno la maabara, na mwanafunzi hawezi kuyachanganya. Sisi tukirudi kwenye asili ya neno tunarudi mahali ambapo wenyewe waliondoka makusudi.

Isitoshe, uzi wa Kiswahili una maana inayojisimamia. Uzi husokotwa. Ukichukua pamba, kila unyoya wake una urefu wa sentimita mbili tatu hivi, na haukufai kwa lolote hadi uusokote pamoja na wenzake. Kinachozaliwa na msokoto ndicho uzi. Unyoya wa kwanza haukuwa uzi. Ulikuwa malighafi ya uzi. Wazee wa pwani waliijua tofauti hii vyema. Ganda la nje la nazi ni kumbi. Ukiliroweka na kulipondaponda ukatoa zile nyuzinyuzi safi, unapata usumba. Ukisokota usumba unapata kamba. Kwa kamba hizo walishona mbao za mitepe, yale majahazi ya Lamu na visiwa vyake yaliyosafiri baharini bila msumari. Fundi wa mtepe angeletewa usumba baada ya kuagiza kamba, angejua kwamba aliyetumwa hajui kazi. Kiswahili, basi, hakikuwa na uhaba wa maneno katika jambo hili. Uhaba ni wetu tuliosahau kuuliza.

Tuna mfano mwingine karibu zaidi, humu humu katika Msitu wa Kakamega. Mna nondo wa hariri ajulikanaye kwa wanasayansi kama Anaphe panda, aliyewahi kuchunguzwa kwa kina na watafiti wa kituo cha ICIPE. Viwavi wake huishi kwa ujamaa. Hukaa pamoja na kufuma kiota kimoja kikubwa cha hariri, kisha kila mmoja hujifungia humo. Nondo wa hariri tunayemsikia kutoka China naye hufuma kifukofuko chake peke yake, kwa unyuzi mmoja usiokatika ambao huweza kufika mamia ya mita. Ukikilowesha kifukofuko hicho katika maji ya moto, unaweza kuushika mwanzo wa unyuzi ukaufumua hadi mwisho. Hiyo ndiyo filamenti kwa watu wa viwanda vya nguo: unyuzi mmoja mrefu uliotoka hivyo kwa mfumaji wake, usiohitaji kuunganishwa na mwenzake ili urefuke. Hariri ya nondo wetu wa Kakamega haifumuliki namna hiyo. Kiota huchemshwa, huchambuliwa, na hariri yake husokotwa kama pamba. Kwa hivyo hariri ya kwanza huanza ikiwa filamenti, na ya pili hufika sokoni ikiwa uzi hasa. Ukiziita zote uzi tangu mwanzo, mfanyabiashara hataelewa kwa nini mbili hizi zina taratibu tofauti za kutengenezwa.

Hapo ndipo ninapofikia kiini cha makala haya. Neno filamenti halina maana moja inayozunguka katika sayansi zote ikibadilisha nguo tu. Wakati mwingine linataja ngazi katika muundo wa kitu, wakati mwingine linataja kazi, na wakati mwingine linataja sura peke yake. Anayelitafsiri hana budi kujua kwanza yuko wapi kati ya hayo.

Katika msuli, tumeona, ni ngazi. Filamenti ni kitu kilicho ndani ya seli. Sasa nenda kwenye kidimbwi kilichotulia karibu na mto Isiukhu, utazame ule utelezi wa kijani unaofanana na nywele. Mwanabiolojia atakwambia kwamba mwani wa aina hiyo ni wa filamenti. Ana maana gani? Kwamba seli zimeungana ncha kwa ncha, moja nyuma ya nyingine, hadi zikawa kamba ndefu. Kule kwenye msuli filamenti ilikuwa ndani ya seli. Huku seli ndizo zilizo ndani ya filamenti. Neno ni lile lile, nalo limepinduliwa miguu juu kichwa chini. Kwa mwani mimi ningesema msururu wa seli, na mtoto wa darasa la sita angeniona ninachokisema.

Katika ua, kwa upande mwingine, kinachotawala ni kazi. Kile kiungo cha kiume cha ua, stameni, kina sehemu mbili: kifuko cha chavua juu, na kijiti chembamba kinachokiinua. Kijiti hicho ndicho filamenti. Kipo ili chavua iwe mahali ambapo nyuki ataigusa au upepo utaipeperusha. Je, Kiswahili hakina neno la kitu chembamba kinachoshikilia tunda au ua? Kinalo, nalo ni kikonyo. Kila aliyewahi kuchuma embe analijua. Kikonyo cha stameni kinamwambia mwanafunzi umbo na kazi kwa pigo moja. "Uzi wa stameni" unamfanya afikirie kitu kinachoning'inia, ilhali hapa tuna kitu kinachosimama na kubeba.

Katika balbu mambo ni magumu kidogo, nami nakiri nimebadilisha msimamo wangu zaidi ya mara moja. Wapo waliopendekeza utambi. Ni pendekezo tamu. Tuliosomea kwa mwanga wa koroboi tunajua utambi ndio moyo wa taa, na utambi ukiisha taa imekwisha. Tatizo ni kwamba utambi wa koroboi hunyonya mafuta na kuyapeleka kwenye moto. Filamenti ya balbu hainyonyi chochote wala haitakiwi kushika moto. Ni waya mwembamba wa tangisteni, chuma kisichoyeyuka hadi kipate joto la zaidi ya nyuzi 3,400 za selisiasi. Umeme unapopita kwa shida ndani yake huupasha moto hadi ung'ae, na oksijeni imeondolewa kwenye kioo kusudi usiungue. Utambi huungua ndipo utoe mwanga. Waya huu ukiungua, giza. Kwa hiyo utambi unafaa kwa mshairi, na kwa mwalimu wa fizikia unafaa tu ikiwa yuko tayari kutumia dakika tano kueleza unapokoma kufaa. Mimi siku hizi nasema waya wa balbu, maana hivyo ndivyo fundi wa stima mjini Kakamega anavyosema, naye hajawahi kueleweka vibaya. (Na mmeona, nadhani, kwamba joto nalo tunalipima kwa "nyuzi". Neno hili lina mzigo mzito kuliko punda wa maji.)

Katika magonjwa, mara nyingi ni sura tu. Ugonjwa wa matende, unaovimbisha miguu ya watu katika baadhi ya sehemu za pwani yetu, huletwa na minyoo waitwao filaria. Jina hilo limetoka katika mzizi ule ule wa Kilatini, kwa sababu tu wanafanana na uzi. Mwaka wa 1877, Patrick Manson, daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi China, aliwaona watoto wa minyoo hao wakikua ndani ya mbu, na huo ukawa mwanzo wa kuelewa kwamba mbu anaweza kubeba maradhi ya binadamu. Wapwani waliita ugonjwa kwa kile kinachoonekana kwa mgonjwa, matende, na wanasayansi waliita mnyoo kwa kile kinachoonekana kwa hadubini. Hakuna aliyekosea. Mtafsiri anayeacha "matende" akaandika "ugonjwa wa uzi" ndiye atakayekosea, maana amewanyang'anya wagonjwa jina la ugonjwa wao.

Hali ni hiyo hiyo kwa virusi vya Ebola na Marburg. Jina la familia yao ya kisayansi limejengwa juu ya uzi, kwa kuwa wakikuzwa na hadubini ya elektroni huonekana warefu, wembamba, waliojipinda. Watu wa magharibi mwa Kenya wana sababu ya kuujua ugonjwa wa Marburg. Mwaka wa 1980 mwanamume mmoja aliyekuwa amezuru pango la Kitum, katika Mlima Elgon, alifariki Nairobi, na daktari aliyemhudumia akaambukizwa ingawa yeye alipona. Mwaka wa 1987 mvulana mmoja aliyekuwa amelitembelea pango hilo hilo naye alifariki. Katika tangazo la afya kuhusu ugonjwa huu, sura ya kirusi haimsaidii mtu yeyote. Anachohitaji kujua ni popo, mapango na damu. Hapa filamenti inaweza kuachwa kabisa, na tafsiri ikawa bora kwa kuiacha.

Msomaji anaweza kusema: Profesa, haya ni mabishano ya wasomi wenye muda. Nani ataumia nikisema uzi? Nitajibu kwa visa viwili.

Cha kwanza ni cha nyumbani. Shangazi yangu, ambaye sote tunamwita Senge, alifanyiwa upasuaji wa tumbo miaka kadhaa iliyopita, akashonwa, akapona. Muda mrefu baadaye aliteleza akiteka maji, akaumia paja, akapelekwa hospitalini. Alirudi na karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili, pengine na mtu mwenye nia njema kabisa. Karatasi ilisema kwamba baadhi ya nyuzi zake zimekatika na kwamba zitajiunga zenyewe akitembea kidogo kidogo. Senge anajua kusoma. Alisoma "nyuzi zimekatika", akashika tumbo. Kwake nyuzi ni zile alizoshonwa nazo. Alilala chali wiki tatu akiogopa kusimama asije akafumuka, na paja lililohitaji mazoezi likazidi kukakamaa. Nilipofika na kumweleza kwamba ni msuli wa paja, aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Sasa kwa nini hawakusema nyama ya paja imechanika?" Sikuwa na jibu. Kwa kweli, hilo ndilo lililokuwa neno.

Hapa ndipo niseme pia kwamba hata nyuzi za daktari si za aina moja. Kuna uzi wa upasuaji uliotengenezwa kwa unyuzi mmoja mzima, na kuna uliosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Wa kwanza hupita kwenye nyama kwa urahisi, lakini fundo lake hufunguka upesi. Wa pili hushika fundo vizuri, lakini bakteria huweza kujificha katikati ya misuko yake. Muuguzi anayejifunza kwa Kiswahili, na wapo wengi nje ya mipaka yetu, atazitofautisha vipi iwapo uzi ni uzi na filamenti ni uzi? Utapata "uzi wa uzi mmoja" na "uzi wa nyuzi nyingi", na mwanafunzi atadhani ni kitendawili.

Kisa cha pili ni cha ziwani. Kanuni za uvuvi nchini zinakataza nyavu za monofilamenti, zile zinazofumwa kwa nailoni ngumu ya unyuzi mmoja, isiyosokotwa. Hazionekani kwa urahisi majini, na zikipotea huendelea kunasa samaki bila mwenyewe. Sasa mfikirie mvuvi wa Port Victoria anayesomewa tangazo kwamba "nyavu za uzi mmoja" ni haramu. Atajitazama na kusema: wavu wangu wote nimeufuma kwa uzi mmoja, fundo kwa fundo, tangu pembe hii hadi ile, je, nimevunja sheria? Au atasema: wavu wangu una nyuzi elfu, mimi simo. Katika hali zote mbili sheria haijamfikia, na boti la doria litamfikia kabla ya maana. Ilhali wavuvi wana neno mshipi, ambalo tangu hapo ni ule unyuzi wa kuvulia wenye ndoana. Ungesema "nyavu zilizofumwa kwa mshipi wa nailoni usiosokotwa", hakuna mvuvi ambaye angeuliza mara mbili. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo haumsaidii mtu ambaye faini yake imeandikwa kwa neno asilolitambua.

Nisije nikaonekana ninatetea kambi ya pili, wacha niihakiki nayo. Wapo wenzangu ambao wakisikia malalamiko haya husema: basi tuseme filamenti kila mahali, tumalize ubishi. Filamenti ya ua, filamenti ya balbu, filamenti ya wavu. Huko ni kufunika chungu ukasema umepika. Neno la kukopa lina faida mahali ambapo hatuna jina na ambapo kosa dogo lingegeuza maana, kama ndani ya msuli. Mahali ambapo kikonyo kipo, au mshipi upo, neno la kukopa linamnyima mwanafunzi kile alichokwisha kukijua. Linamfundisha kwamba sayansi huanza pale lugha ya nyumbani inapokoma. Sijui funzo baya kuliko hilo.

Chanzo cha kambi zote mbili, kwa maoni yangu, ni namna tulivyozoea kutumia kamusi za istilahi. TUKI walitupa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, nasi hatuna budi kuwashukuru waliofyeka pori hilo. Lakini kamusi ya aina hiyo kwa maumbile yake ni orodha: neno hapa, neno kule. Mtafsiri mvivu huitumia kama duka la rejareja, ananunua kimoja kimoja. Maneno ya sayansi huishi kwa ujirani. Huwezi kuchagua jina la filamenti kabla ya kujua umeita nini ufumwele, umeita nini uzi, na umeita nini neli, maana kila moja linapata mpaka wake kutoka kwa mwenzake. Fundi wa mtepe hakujifunza neno usumba peke yake. Alijifunza kumbi, usumba na kamba kwa siku moja, mikono ikiwa kazini.

Kwa hivyo pendekezo langu ni la kawaida mno. Kabla hujatafsiri, muulize mwenye fani: kitu hiki kimetengenezwa na nini, kiko ndani ya nini, na kinafanya kazi gani? Ukipata majibu hayo, uzi uachie sindano na cherehani. Nyuzinyuzi, au ufumwele ukiandikia wataalamu, ziachie nyama na mimea. Filamenti iweke ndani ya seli. Maua yape kikonyo, balbu ipe waya, na mvuvi asinyang'anywe mshipi wake. Na ukiwa unamwandikia Senge, sema nyama ya paja.

Wapo watakaoniambia kwamba nimegawa neno moja vipande vingi mno, na kwamba umoja wa istilahi ndio alama ya lugha iliyokomaa. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Umoja unaotakiwa ni wa kitu kimoja kuitwa jina moja kila kinapotajwa. Haumaanishi vitu sita kuitwa jina moja kwa sababu Mlatini aliviona vyote vikifanana kwa mbali.

Mwanafunzi wetu alirudi wiki mbili baadaye. Alikuwa ameshinda maabara na rafiki yangu, akachungulia hadubini, akaona mistari myeusi na myeupe ya msuli kwa macho yake. Alitusomea tena sentensi yake, nasi watu wa lugha safari hii tulinyamaza na kumtazama mtu wa biolojia kwanza: "Msuli unapofupika, fumwele zake nazo hufupika, kwa sababu filamenti zilizomo ndani yake huteleza na kupishana, filamenti zenyewe hubaki na urefu ule ule."

Rafiki yangu hakuinua mkono.